Una kovu la upasuaji na mimba imepitiliza: jinsi ya kujipanga kuzaa kwa njia ya kawaida

Naanza na hili maana ndo linalowaponza wengi: mpango wa mimba iliyopitiliza haupangwi mimba ikishapitiliza. Ukishafika wiki ya 41 na kovu lako, usingizi huna, miguu imevimba, mama mkwe anapiga kila asubuhi "bado tu mwanangu?", afu leba (wodi ya kujifungulia) imejaa, hapo huchagui tena, unachaguliwa. Kwahiyo wiki ya 36 hivi, ukiwa bado na akili zako zote, kaa na dokta umuulize mambo mawili tu: nikifika 40 bila uchungu tunafanyaje, na nikifika 41 bila uchungu tunafanyaje. Majibu yaandikwe kwenye kadi ya kliniki, yasibaki mdomoni, sababu dokta utakayemkuta siku yenyewe mara nyingi sio huyo uliyeongea nae.

Mie nafanya kazi leba, naona wanaofanikiwa na naona wanaorudi kwenye kisu, na tofauti mara nyingi sio bahati, ni nani alijua kovu lake ni la aina gani na nani alikuja na taarifa zake mkononi.

Kwanza lijue kovu lako

Ule usemi kwamba ukipasuliwa mara moja basi watoto wote ni kisu, una zaidi ya miaka mia. Daktari wa New York anaitwa Edwin Cragin aliuandika mwaka 1916, na enzi zile kizazi kilikuwa kinachanwa wima, kuanzia juu kwenye nyama nene inayosukuma mtoto. Kovu la hivo likikutana na uchungu kweli ni hatari. Siku hizi wengi wanachanwa kwa mlalo, chini ya kizazi, pale ambapo pana nyama nyembamba na hapafanyi kazi kubwa wakati wa uchungu, ndo maana mwenye kovu moja la mlalo anaruhusiwa kujaribu.

Ila sasa usijiangalie kwenye kioo ukasema "mimi langu la mlalo, lipo huku chini kwenye bikini". Hilo ni la ngozi. Ngozi inaweza kuwa imechanwa mlalo na kizazi kikachanwa wima, hutokea hasa kwa mtoto njiti au aliyelala vibaya tumboni, na kinyume chake pia hutokea. Kinachojua ukweli ni ripoti ya upasuaji iliyo kwenye faili lako kule ulikopasuliwa. Nenda kaiombe, usione aibu, sema hivi: "Samahani dokta, nilijifungua hapa kwa upasuaji, nina mimba nyingine na natamani kujaribu kawaida, naomba niandikiwe kizazi kilichanwa vipi, sababu ilikuwa nini, na kama kulikuwa na kuchanika kokote." Mistari mitatu kwenye karatasi yenye muhuri inatosha kabisa. Kama faili limepotea (hutokea jamani, tusidanganyane) basi mwambie dokta wako mazingira yalivyokuwa: mimba ilikuwa na wiki ngapi, mtoto alikuwa amekaaje, ulikuwa kwenye uchungu au la, na yeye atapima.

Sababu ya upasuaji ule nayo ina uzito. Kama mtoto alitanguliza matako, au mapigo yake yalishuka wakasema amechoka, hizo ni sababu za mimba ile, hazina lazima ya kujirudia. Kama uliambiwa nyonga ndogo, usikate tamaa moja kwa moja, maana neno hilo linaandikwa sana hata kwa mtu ambaye njia ilichelewa tu kufunguka, na wapo wengi walioambiwa hivo wakaja kusukuma mtoto mkubwa kuliko wa kwanza. Kama uliwahi kuzaa kawaida hata mara moja, kabla au baada ya kisu, basi wewe uko vizuri sana, kati ya wanawake 100 wa namna yako 85 hadi 90 wanafanikiwa. Kwa jumla wanaojaribu wakiwa na kovu moja wanaofanikiwa ni kama 60 hadi 80 kwa 100.

Wasiotakiwa kujaribu: kovu la wima, kizazi kilichowahi kuchanika, kondo la nyuma lililokaa kwenye njia. Makovu mawili, hospitali zetu nyingi watakupangia upasuaji na mimi siwalaumu. Na kama uliyemzaa kwa kisu hajafika hata mwaka na nusu wakati huyu anakuja kuzaliwa, hatari ya kovu kuachia, yaani kufumuka, inapanda, hilo mwambie dokta wazi usimfiche umri wa mtoto.

Hatari yenyewe ni ipi? Kovu kuachia. Uchungu ukianza wenyewe hutokea kwa kama mwanamke 1 katika 200. Ni wachache, ila ikitokea mna dakika, sio masaa, na ndo maana kila ninachokuambia huko chini kinazungukia kwenye theatre (chumba cha upasuaji) iwe karibu.

Je kweli umepitiliza?

Hapa naomba utulie maana nusu ya kelele za "umepitiliza" zinaishia hapa. Hesabu ya kawaida ni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Hedhi ilianza 10 Machi, makisio ni 17 Desemba. Wiki 41 inaangukia 24 Desemba na wiki 42 inaangukia 31 Desemba. Kupitiliza kwa maana ya kitabibu ni kuanzia hiyo 42, hapo katikati umechelewa tu.

Hesabu hiyo inaamini kwamba mzunguko wako ni wa siku 28 na unakumbuka tarehe. Sasa kuna aliyekuwa kwenye sindano ya uzazi wa mpango akaacha, hedhi zikawa zinakuja zinavyotaka, kuna aliyeshika mimba bado ananyonyesha na hata hedhi hakuiona, kuna aliyesema "mwezi wa tatu katikati hivi" kwa sababu nesi alikuwa anamsubiri ajibu. Hao wote tarehe zao ni za kukisia. Ultrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo inakosea kwa siku 5 hadi 7 tu, lakini ile ya miezi ya mwisho inaweza kukosea kwa wiki 3, kwahiyo ukipimwa mwezi wa nane ukapewa tarehe mpya, usiitupe ile ya mwanzo! Itoe ile karatasi ya kwanza kabisa uliyopimwa, hata kama imechakaa, ndo mama wa tarehe zote. Nimeshaona mtu anapelekwa kuanzishiwa uchungu "wiki 42" afu tukaangalia karatasi yake ya mwezi wa tatu ya mimba kumbe yuko 39 na siku kadhaa, akarudi nyumbani.

Afu angalia kalenda yenyewe. Kama wiki yako 41 inadondokea mkesha wa Krismasi au Idi kama huyo wa mfano wangu, ulizia mapema nani atakuwepo, maana theatre ipo lakini mtu wa usingizi (anayekuchoma sindano ya ganzi ya upasuaji) yuko kwao Moshi.

Wiki ya 40 hadi 41: kusubiri kwa macho

Kupita wiki ya 40 peke yake sio sababu ya kukunyima kujaribu. Uwezekano wa kufanikiwa unapungua kidogo, ni kweli, ila uchungu unaoanza wenyewe ndo rafiki mkubwa wa kovu, kwahiyo siku chache za kusubiri zina faida. Tatizo sio kusubiri, tatizo ni kusubiri umelala nyumbani bila mtu kukuangalia. Kondo linazeeka, maji yanayomzunguka mtoto yanapungua, na hatari ya mtoto kufia tumboni inaanza kupanda kadri siku zinavyosonga baada ya 41, na huyo mtoto hajui kama wewe una kovu au huna.

Shirika la Afya Duniani linasema mahudhurio ya kliniki yawe 8, la mwisho wiki ya 40, na kama hujajifungua urudi hospitali wiki ya 41 kwa ajili ya kujifungua. Kwa mwenye kovu mimi ningesema usikae hata hiyo wiki moja bila kuonwa. Omba upimwe presha, mkojo, mapigo ya mtoto, na kama hospitali ina ultrasaundi waangalie maji, kama kifuko cha maji kirefu kuliko vyote hakifiki sentimita 2 hayo ni machache na mazungumzo ya kusubiri yanaishia hapo. Nyumbani kazi yako ni kumsikiliza mtoto. Mtoto wa wiki 40 hapunguzi kucheza kwa sababu "nafasi imeisha", huo ni uongo unaozunguka sana. Anabadilisha namna, anajivuta badala ya kupiga teke, lakini anacheza. Ukiona leo yuko kimya tofauti na jana, lala ubavu wa kushoto, mhesabu, kwenye masaa mawili hajafika mara 10 usinywe soda baridi ukasubiri, panda bajaji.

Kitu ambacho unaweza kuomba kipindi hiki ni kupigwa "swipu", yaani mkunga au dokta akikuchunguza njia anazungusha kidole kutenganisha utando wa chupa (mfuko wa maji wa mtoto) na mlango wa kizazi. Inauma, inaweza kutoa damu kidogo na maumivu ya kuja na kuondoka, ila inapunguza uwezekano wa kufikia kuanzishiwa kwa dawa, na haimwagi dawa yoyote kwenye kovu. Inafanywa kama mlango umeshaanza kulegea, ukiwa umefunga kabisa haiwezekani.

Kuhusu ya jikoni na ya bibi

Kutembea, tembea. Tendo la ndoa, kama chupa haijapasuka na huna damu, endeleeni, halina madhara hata kama halina uhakika wa kuleta uchungu. Tende, watu wa pwani mnazipenda na kuna utafiti mdogo wa Jordan, 2011, waliokula tende sita kwa siku wiki nne za mwisho wengi wao uchungu ulianza wenyewe zaidi ya wasiokula, kwahiyo kula, isipokuwa kama una kisukari cha mimba.

Ila mafuta ya nyonyo HAPANA. Na ile chupa ya mizizi inayoletwa usiku na shangazi imefungwa kwenye mfuko mweusi, HAPANA tena kwa herufi kubwa. Sisemi dawa za asili hazifanyi kazi, nasema zinafanya kazi, na hiyo ndo shida yenyewe: zinaleta uchungu mkali mfululizo ambao hakuna anayejua kipimo chake na hakuna anayeweza kuuzima, na kovu halipewi muda wa kupumua. Mtu anafika kwetu tumbo gumu kama meza, ukimuuliza umekunywa nini anasema maji. Kama umekunywa, sema. Hatutakufokea, na akikufokea mtu wewe sema tu hivohivo, maana bila kujua hilo tunaweza kukuongezea dripu juu yake.

Ikifika 41 bila uchungu

Hapa una njia tatu na zote ni za halali: kupangiwa upasuaji siku maalumu, kuanzishiwa uchungu kwa uangalifu, au kusubiri siku chache zaidi ukiwa unapimwa mapigo na maji angalau mara mbili kwa wiki, na hii ya tatu mwisho wake usifike 42. Ipi uchukue inategemea na mlango wa kizazi. Ukichunguzwa wakakuta umelainika, umefupika, umeanza kufunguka na kichwa cha mtoto kimeshuka, kuanzishiwa kuna maana. Wakikuta mgumu, mrefu, umefunga, na kichwa kinaelea juu, mimi binafsi ningeuliza habari ya upasuaji wa kupangwa, sababu kusukumia dawa mlango ambao haujawa tayari kwenye kizazi chenye kovu ni kutafuta kesi.

Kuanzishiwa au kuongezewa uchungu kwa dawa kunapandisha hatari ya kovu kuachia kama mara mbili mpaka tatu, ndo maana njia inayopendwa kwa wenye kovu ni mpira. Ni mpira uleule wa mkojo, unapitishwa kwenye mlango wa kizazi, kiputo chake kinajazwa maji mililita 30 hadi 60, unakaa nao mpaka masaa 12 au zaidi, unatembea nao, unakojoa nao, na mlango ukifika sentimita 3 au 4 unadondoka wenyewe. Ukidondoka chooni usishtuke, mwite sista. Baada ya hapo chupa inaweza kupasuliwa, na ikibidi dripu ya uchungu inawekwa kwa matone machache yanayoongezwa polepole, na mtu akiwepo anasikiliza mtoto. Dripu ambayo inafunguliwa afu nesi anaondoka kwenda kuhudumia wengine kumi sio ya mwenye kovu.

Sasa vidonge. Misoprosto, wengine mnaijua kwa jina la Cytotec, iwe ya chini ya ulimi, ya kumeza au ya kuweka ukeni, mwenye kovu mwenye mimba iliyokomaa hapewi kuanzishiwa uchungu. Shirika la Afya Duniani limeikataza kwa wenye makovu. Iandike kichwani. Ukiona mtu anakuja na kidonge na hajakuuliza historia yako, mwambie kwa heshima lakini kwa sauti inayosikika: "Sista samahani, mimi nina kovu la upasuaji, hicho ni kidonge gani?" Ila usije ukachanganya mambo, mtoto akishatoka na kondo likatoka, vidonge hivyohivyo vinaokoa maisha kwa kuzuia damu, hapo pokea.

Mahali na watu

Zahanati sio pa kwako safari hii, hata kama mkunga wa pale ni mtu mzuri na ndo aliyemzalisha dada yako. Unahitaji sehemu yenye theatre inayofanya kazi usiku, damu benki, na mtu wa usingizi anayefika haraka. Vipo vituo vya afya vyenye theatre, uliza vizuri "usiku wa manane mnapasua?", jibu likiwa "inategemea" nenda hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa. Kama unaishi mbali, kuanzia wiki ya 38 hamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au ulizia kama wana nyumba ya wajawazito kusubiria, zipo kwenye hospitali kadhaa za wilaya.

Baba mtoto ajue mapema mambo haya: kundi la damu yako, nani wawili watakaojitolea damu, gari la usiku ni la nani na namba yake, na kwamba akiulizwa kusaini upasuaji wa dharura asianze kupigia ukoo. Hilo la mwisho mliongee kabisa, mkae chini. Kadi yako iandikwe kubwa juu kwamba una kovu moja, wahudumu wengi wanaandika 1PS, na kila zamu ikibadilika, asubuhi na jioni, jitambulishe upya, unaweza kuona kama unajirudia ila mtu aliyeingia sasa hivi hajui wewe ni nani kati ya kumi na wawili.

Uchungu ukianza usisubiri ukolee nyumbani kama wanavyoshauriwa wasio na kovu. Ukiona unakuja kwa mpangilio, njoo. Chupa ikipasuka hata bila uchungu, njoo, na kama maji ni ya kijani njoo mbio.

Leba, cha kudai ni hivi: mapigo ya mtoto yasikilizwe kila baada ya dakika 15 au awekewe mashine, patografu (chati ya maendeleo ya uchungu) ijazwe, njia ya dripu iwe imeshawekwa mkononi, na uchunguzwe njia kama kila masaa manne kuona kama unasonga. Usikubali mtu akupandie au akukandamize juu ya tumbo kwa mikono wakati wa kusukuma, kwa mwenye kovu hiyo ni marufuku na hata kwa asiye na kovu haishauriwi.

Na wewe mwenyewe jisikilize. Maumivu ya uchungu yanakuja yanaondoka, maumivu ya kovu yanabaki hata uchungu ukiwa umetulia, yapo palepale chini, yanachoma. Ukiyasikia, au ukahisi maumivu begani bila sababu, au uchungu uliokuwa mkali ukakatika ghafla kimya, damu ikatoka, mkojo ukawa na damu, ukaanza kuona kizunguzungu na moyo kwenda mbio, piga kelele, usiwe mstaarabu. Mara nyingi kabla hata wewe hujasikia chochote mapigo ya mtoto ndo yanaanza kushuka, ndo maana nasisitiza hiyo mashine au fetoskopu (kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni).

Ikiishia theatre

Inaweza kuishia theatre, hata ukijipanga vipi, na wiki ya 41 uwezekano ni mkubwa kidogo kuliko 39. Saini mapema fomu ya kukubali upasuaji, usile kitu kizito uchungu ukianza, na kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani omba tena yale maandishi: walichana wapi, kovu la zamani lilikuwaje, kondo lilikuwa wapi. Kila upasuaji unaoongezeka unapandisha uwezekano wa kondo kunasa kwenye kovu mimba inayofuata, kwahiyo kama bado mnataka watoto hilo karatasi ni lako na la dokta ajaye, piga picha uitume kwa baba mtoto pia, maana simu zinaibiwa. Uzazi wa mpango ongea kabla ya kutoka wodini, kitanzi kinaweza kuwekwa hata papo hapo mezani wakati wa upasuaji kama ulishaomba, na lengo ni mimba nyingine isianze kabla mtoto huyu hajafika miaka miwili.